Kuligusa Mwiko

Nchi yenyewe haitatajwa hapa. Si kwa woga, jamani, woga wa nini? Ni kwa sababu jina lake lilipelekwa wizarani mwaka juzi kufanyiwa ukarabati na mpaka leo halijarudi. Mipaka ipo, bendera ipo, foleni zipo, jina tu ndilo linalosubiri sahihi. Kwa hiyo mtu akikwambia hii ni nchi yako, mwambie atulie, jina lirudi kwanza.

Katika nchi hiyo kulikuwa na Wizara ya Mambo Yaliyokwisha. Ndani ya wizara kulikuwa na Idara ya Magofu na Mahame, na juu ya idara, kwenye kiti chenye magurudumu matatu (la nne lilikwisha, likahamishiwa kitengo husika), aliketi Bwana Tambwe Kihero, mkuu wa idara, mtu mwembamba mwenye kalamu nne mfukoni na moja tu inayoandika.

Kazi ya idara ilikuwa kuyalinda majumba ya kale yaliyoachwa na matajiri wa zamani. Kuyalinda na nini? Na kutengenezwa. Maana jumba likishatengenezwa si gofu tena, na magofu yakiisha idara nayo imekwisha, na ikishakwisha itahamishiwa wapi, wakati wizara ya mambo yaliyokwisha ndiyo hiyohiyo?

Mara moja kwa mwaka idara ilifanya Msafara Mkuu wa Utafiti. Magari mawili, watu kumi na wawili, mpishi, na hema, kwenda mahali palipo mwendo wa dakika ishirini kutoka ofisini. Wakifika husimama nje ya uzio, hulitazama jumba kwa darubini, hula pilau, hurudi. Ripoti ilikuwa ileile kila mwaka, mwaka tu ndio uliobadilishwa: "Jumba lipo. Linaendelea kuporomoka vizuri."

Sasa, katika magofu yote, Bwana Tambwe alikuwa na lake la moyoni: Jumba la Bi Kirembo. Lilijengwa zamani na mwanamama mmoja mfanyabiashara wa karafuu aliyesemekana kuwaacha waume watatu na kubaki na nyumba. Ghorofa mbili juu ya chini, ukuta wa matumbawe, mlango wa nakshi wenye misumari ya shaba, baraza ndefu mbele. Kwa miaka kumi na mmoja Bwana Tambwe alikuwa akilitazama kupitia uzio kama kijana anayetazama nyumba ya mchumba aliyokatazwa kuingia. Naye hakuingia kweli, kwa sababu yeye mwenyewe ndiye aliyeweka kibao cha kukataza.

Kibao hicho kina kisa chake. Kwanza kiliandikwa: NI MARUFUKU NA TENA NI MWIKO KWA MTU YEYOTE KULIGUSA JUMBA HILI. Kisha ukaja Waraka wa Kubana Herufi, wenye kurasa thelathini na nane, ukiwaagiza maofisa wote wapunguze maneno. Bwana Tambwe akakaa na sentensi yake wiki mbili, anafuta huku anaguna, mpaka yakabaki maneno manne tu: JUMBA HILI KULIGUSA MWIKO.

"Hapo," aliwaambia wa chini yake, "hata 'ni' nimeiokoa."

Na alikuwa na jambo moja alilolitaka duniani, wala halikuwa siri. Katika nchi ile, aliyeliokoa jumba la kale huandikwa jina kwenye bamba la shaba, likapigiliwa mlangoni, likakaa hapo mpaka kiama. Bwana Tambwe alikuwa amebakiza mwaka mmoja na miezi mitano astaafu. Maisha yake yote jina lake lilikuwa limeandikwa mahali pamoja tu, kwenye daftari la mahudhurio, na humo aliandikwa "Tembwe". Alilitaka lile bamba. Jinsi mtu anavyoweza kuliokoa jumba bila kuligusa hakuwa ameijua bado, lakini alikuwa na imani.

* * *

Mkewe, Mama Zena, alianza kulisikia jina hilo mezani.

"Ah, Kirembo, Kirembo," Bwana Tambwe alikuwa akishusha pumzi juu ya wali. "Mwaka huu ameinama kidogo upande wa kushoto, lakini uzuri uko palepale."

Mama Zena akaliweka bakuli la mchuzi chini taratibu, taratibu ile ya mtu anayepima umbali wa kurusha.

"Kirembo nani, Baba Zena?"

"Wa kazini."

"Najua wa kazini. Wote huwa wa kazini. Ana umri gani?"

"Miaka mia moja na arobaini."

"Unanifanyia mzaha?"

"Na bado amesimama, Mama Zena! Ungemwona kwa mbele. Lile baraza lake..."

"Baraza lake!"

Siku ya msafara Mama Zena akapanda pikipiki, mwavuli mkononi, kanga kiunoni ya kupigania, akamfuata mumewe. Akamkuta amesimama kwenye uzio, darubini machoni, anatabasamu peke yake. Akafuata mwelekeo wa darubini. Hakuna mwanamke. Kuna nyumba imeota mti dirishani.

Mwavuli ukashuka. Lakini wivu haukushuka, ulihama tu.

"Bora angekuwa mwanamke mwenzangu," alimwambia jirani jioni ile. "Mwanamke ningejua pa kumkamata. Nyumba nitaikamata wapi, kitasani? Na sisi hapa ukuta wa sebule umevimba kama shavu lenye jipu tangu mwaka alioanza shule Zena. Zena huyo sasa ana watoto wawili! Nikimwambia baba yake autazame, anasema ana magofu ya taifa."

* * *

Mwaka uliofuata msafara ukaondoka kama kawaida. Ripoti ilikuwa imeshapigwa chapa na kutiwa muhuri tangu juma lililopita, ili watafiti wasisumbuliwe na walichokiona.

"Tumefika, mkuu," akasema dereva.

"Hatujafika," akasema Bwana Tambwe. "Umepotea. Rudi nyuma."

Dereva akarudi, akazunguka, wakafika palepale. Wakazunguka mara ya tatu. Mpishi, ambaye pilau lilikuwa linammwagikia mapajani, ndiye aliyesema ukweli: "Mkuu, kibao si kile pale?"

Kibao kilikuwepo, tena kimeoshwa. Lakini nyuma yake palisimama jumba jeupe. Nyeupe ya maziwa. Mti dirishani hakuna. Upande wa kushoto uliokuwa umeinama umenyooka kama mtu aliyeitwa jina. Mlango wa nakshi unang'aa mafuta, na barazani ameketi mtu mfupi mwenye mabega mapana, suruali imekunjwa magotini, anaosha mwiko wake wa uashi kwenye ndoo huku anaimba vibaya.

Bwana Tambwe alishuka garini. Moyo ulimfanyia vitu viwili kwa pamoja. Uliruka kwa furaha, kisha, ulipomwona yule mtu, ukatua juu ya misumari. Ndivyo anavyojisikia mwanamume aliyechelewa harusi yake akakuta bibi harusi ameshapambwa, ameshacheka, na ana mtu pembeni.

"Wewe bwana! Nani amekuruhusu kuligusa jumba hili?"

"Serikali," yule mtu akajibu, akasimama kwa adabu, akafuta mkono kwenye suruali.

"Serikali ipi?"

"Hii iliyoandika kibao. Mimi naitwa Ndaro Mwachiro, mkuu, fundi chokaa. Nilikuwa nimekaa bila kazi mwaka mzima. Siku hiyo napita zangu hapa, nasoma: Jumba hili. Kuligusa. Mwiko. Nikasema, alhamdulillahi, serikali gani hii yenye huruma! Imetoa kazi, na kifaa imekitaja. Maana wangeacha hivihivi angekuja mtu na sululu akavunja. Basi mwiko ninao, wa marehemu baba. Nikaingia."

"Mwiko!" Bwana Tambwe sauti ikampanda. "Mwiko maana yake haramu! Mwiko maana yake usiguse! Mwiko ni mwiko!"

Fundi Ndaro akautazama mwiko wake, akaugeuza upande wa pili kama anatafuta maandishi.

"Huu?"

Wale watafiti kumi na mmoja wakageukia uzio, mabega yakitikisika. Mpishi hakugeuka, alicheka wazi, naye hakuwa na cheo cha kupoteza.

"Karibu ndani basi, mkuu, ukague," Ndaro akasema. "Mbona umesimama jua kali?"

Bwana Tambwe hakutaka kuingia. Miguu yake ikaingia.

Kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na miwili alipita ule mlango. Ndani palikuwa na ubaridi mtamu. Vidaka vya kuwekea vyombo ukutani vilikuwa vimepangwa safu tatu, nakshi zake zimefufuliwa moja moja. Boriti za mikoko zimebadilishwa zile zilizooza tu, nzuri zimeachwa. Akaweka kiganja ukutani. Ulikuwa baridi na laini kama shavu la mtu aliyetoka kunawa. Akakiondoa haraka, kana kwamba kuna aliyemwona.

"Madirisha ishirini na saba," akasema, angalau aonekane anamjua Kirembo.

"Thelathini na moja, mkuu. Manne yako nyuma."

Ilimchoma. Kumbe miaka yote hiyo Kirembo alikuwa na madirisha manne asiyoyajua, na huyu kikaptula anayajua!

"Umetumia saruji mifuko mingapi?" akauliza, akitafuta kosa, maana mwongozo wa ukarabati wa wizara ulikuwa na ukurasa mmoja, na ukurasa huo ulikuwa na neno moja: saruji.

"Astaghfirullah! Saruji?" Ndaro akashika kifua. "Ukuta wa matumbawe unapumua, mkuu. Kuupaka saruji ni kama kumvika mtu mfuko wa nailoni kichwani halafu ukasema umempendezesha. Chokaa hii niliilowesha shimoni miezi minne kabla sijaigusa. Majirani walileta mawe. Dari juu wamelipiga kina mama wa mtaa huu, mistari miwili, virungu mkononi, chokaa ishikamane, wanaimba siku tatu. Aah, ungekuwepo! Walikuimba hata wewe."

"Mimi? Wakasemaje?"

Ndaro akakohoa. "Wimbo wenyewe mrefu, mkuu."

Wahenga walisema hasidi hana sababu. Bwana Tambwe alikuwa nazo kumi na mbili, na jioni ile alizipiga chapa nakala tatu.

* * *

Ikaundwa Tume ya Kuchunguza Nani Kaligusa. Wajumbe walikuwa tisa. Mwenyekiti alikuwa mtaalamu wa samaki, kwa sababu mtaalamu wa majengo alikuwa ameteuliwa kusimamia samaki. Bwana Tambwe aliomba mambo mawili: fundi afungwe, na chokaa yote ibanduliwe mpaka jumba lirudi kufanana na ripoti.

"Waheshimiwa," alisema, kalamu nne zikimetameta, "ripoti ya serikali, yenye muhuri, inasema jumba linaporomoka. Jumba linasema halijaporomoka. Serikali haisemi uongo. Kwa hiyo, kwa masikitiko makubwa, jumba ndilo linalosema uongo."

Wajumbe wakaandika. Hoja ilikuwa nzito, haikuwa rahisi kuibeba.

Ndaro akaulizwa ana utetezi gani. Akasema hana utetezi, ana mwiko, akauweka mezani. Ndipo mwenyekiti alipoagiza iletwe kamusi. Karani akasoma kwa sauti: "Mwiko. Moja: kijiko kikubwa cha mti cha kusongea ugali. Mbili: kifaa cha mwashi cha kutandazia udongo au chokaa. Tatu: jambo lisiloruhusiwa."

Wajumbe wakaandika zote tatu.

"Kamusi imetanguliza kijiko," akasema mwenyekiti. "Je, kuna mtu yeyote aliyeligusa jumba hili kwa kijiko?"

Akaitwa mpishi wa msafara. Akaapa, mkono kifuani, kwamba kijiko chake hakijawahi kuvuka uzio.

Wakapiga kura. Watatu walisema kibao kilimaanisha kijiko, watatu wakasema kifaa cha mwashi, watatu wakasema marufuku. Wakanywa chai, wakapiga tena, ikawa vilevile. Mara ya tatu mjumbe mmoja wa kijiko, aliyekuwa na njaa na aliyetaka kwenda kula, akahamia kwa waashi.

"Tume imebaini," mwenyekiti akasimama, "kwamba kibao kile hakikuwa katazo. Kilikuwa agizo. Serikali iliagiza jumba liguswe kwa mwiko, na raia mtiifu Ndaro Mwachiro akatii. Fundi ni mtu wa mkono tu. Mwokozi wa jumba ni aliyetoa agizo. Bamba la shaba ni la huyo. Nani aliandika kile kibao?"

Bwana Tambwe, aliyekuwa ameinamisha kichwa karibu kulia, akakiinua polepole. Unajua jinsi mbuzi anavyoinua kichwa akisikia majani yamevunjwa upande wa pili wa ukuta? Hivyo hivyo.

"Mimi," akasema.

"Wewe uliyetaka lirudishwe kuwa gofu?"

"Nilikuwa napima uimara wa kazi, mheshimiwa. Miaka kumi na miwili iliyopita nilisimama mbele ya jumba lile nikasema moyoni: hili linahitaji mwiko. Nikaandika. Na ile 'ni' niliiondoa kwa makusudi, mtu asije akadhani nakataza."

Ndaro akacheka mpaka akashika meza. "Mkuu, si ulisema mwiko ni mwiko?"

"Na si ndivyo?" akasema Bwana Tambwe. "Hebu niambie kama si ndivyo!"

Kwa siku tatu Bwana Tambwe alikuwa shujaa. Akakata karatasi ya ukubwa wa bamba, akaandika jina lake kwa herufi tofauti tofauti, akaibandika kwenye kioo cha chumbani, akarudi nyuma hatua tano aone kama linasomeka kutoka barabarani. Lakini hata humo katika furaha kulikuwa na mchanga. Kila alipopita na Ndaro sokoni, watu walipiga kelele: "Fundi! Fundi, karibu! Fundi, chukua embe!" Yeye walimwambia tu, "Shikamoo mzee, jihadhari na dimbwi."

* * *

Kilichofuata kilikuwa kikubwa kuliko yeye. Mheshimiwa Waziri wa Mambo Yaliyokwisha alisoma gazetini kwamba mtu wa chini yake anapigiliwa shaba, akapata donge la wivu. Akatangaza kwamba kibao kiliandikwa kwa rangi ya wizara, na rangi ni yake. Katibu Mkuu naye akapata donge. Akasema bila Waraka wa Kubana Herufi, ambao ni wake, ile "ni" ingebaki na jumba lingebaki gofu. Habari zikapanda ngazi mpaka zikafika juu kabisa, mahali ambapo hata donge likipatikana haliitwi donge, huitwa maono. Huko ikaamuliwa kwamba Baba wa Taifa Aliyepo ndiye aliyeanzisha herufi.

Mchonga shaba alilibadilisha bamba mara sita. Mara ya saba akaomba apewe ulinzi.

Siku ya uzinduzi mtaa mzima ulijaa. Viti vya mbele waheshimiwa, viti vya nyuma waheshimiwa wadogo, na juani wananchi. Bwana Tambwe aliketi safu ya saba, suti ya harusi yake imembana kwapani, macho kwenye kile kitambaa chekundu kilichofunika bamba. Alikuwa amesikia fununu, lakini alijiambia: hata kama wameongeza majina yao, langu watakuwa wameliacha chini, padogo, pembeni, palipo na nukta. Nitatosheka na penye nukta.

Waziri akavuta kamba. Kitambaa kikaanguka.

JUMBA HILI LILIJIKARABATI LENYEWE.

"Ndugu wananchi," Waziri akaanza, akishika kipaza sauti kama aliyeshika muwa, "baada ya uchunguzi wa kina, na ili kulinda amani na umoja wetu, tumebaini kwamba hakuna mtu aliyehusika. Hili ni jumba la kwanza duniani kujitegemea! Halikusubiri msaada! Halikuuliza serikali itanifanyia nini! Sasa nawasihi, wananchi wenye nyumba mbovu, barabara mbovu, zahanati mbovu: igeni mfano wa jumba hili. Jikarabatini!"

Makofi yakapigwa, waheshimiwa kwanza, kisha waheshimiwa wadogo.

Bwana Tambwe hakupiga. Alikuwa amemwonea wivu fundi, akamwonea wivu waziri, na sasa amebakiwa na Bi Kirembo mwenyewe. Alimtazama pale juu, mweupe, madirisha wazi, amepewa sifa zote na hata hakunyanyua tofali. Kwa mara ya kwanza alimwona kama waume wale watatu walivyomwona.

Akamtafuta Ndaro, akamkuta kivulini anafunga mwiko wake kwenye kitambaa.

"Umesoma?"

"Nimesoma, mkuu. Wameandika vizuri. Shaba safi."

"Na huumii? Jina lako halipo!"

"Na lako?"

"Langu pia halipo."

"Basi tuko wengi." Ndaro akaweka mfuko begani. "Mimi hata sijui kusoma nikiwa na haraka, mkuu, ndiyo maana nilikielewa kile kibao. Samahani, nina kazi saa tisa. Kuna shemeji mmoja ukuta wake unamsumbua."

* * *

Bwana Tambwe alirudi nyumbani kwa miguu, koti begani. Alipokata kona akaona makochi yake yako uani. Meza iko uani. Televisheni imefunikwa kanga, iko uani. Na ndani kunasikika Mama Zena anacheka, cheko la tumboni ambalo Bwana Tambwe alikuwa hajalisikia tangu harusi ya Zena, na siku hiyo alicheka kwa sababu Bwana Tambwe alianguka.

Akaingia. Ndaro yuko juu ya kigoda, amekwangua lile jipu la sebuleni mpaka kwenye jiwe, nusu ya ukuta imeshapakwa, laini, inang'aa maji. Mama Zena ameshika ndoo.

"Shemeji, nisogezee maji kidogo," Ndaro akasema bila kugeuka.

"Shemeji wa wapi?" Bwana Tambwe akafoka. "Nauliza, shemeji wa wapi?"

Mama Zena hakushtuka. "Umerudi, Baba Zena? Si nimemsikia Waziri redioni, wananchi tujikarabati? Mimi ni raia mwema."

"Ungeniambia mimi!"

"Nimekwambia miaka yote ya Zena. Wewe una Kirembo wako. Mimi nami nimepata fundi wangu." Neno "wangu" alilitia sukari vijiko vitatu.

Aisee. Fundi huyu alikuwa amemchukulia jumba, akamchukulia watu wa sokoni, akamchukulia hata madirisha manne. Sasa yuko sebuleni kwake, ameshikiwa ndoo! Wivu ulimpanda Bwana Tambwe kama maziwa yaliyosahauliwa jikoni. Akatupa koti. Akakunja mikono ya shati la harusi.

"Shuka!"

"Mkuu?"

"Shuka kwenye kigoda changu. Lete huo mwiko."

"Mkuu, chokaa inaunguza mikono, wewe hujazoea..."

"Nimesema lete!"

Ndaro akashuka, akampa. Bwana Tambwe, mkuu wa magofu yote ya nchi isiyo na jina, aliyekuwa hajawahi kushika kitu kizito kuliko faili, akapanda, akachota chokaa, akaitupa ukutani kwa hasira zote. Ukuta ukakataa. Chokaa ikarudi, ikamtua kwenye nyusi.

"Usiupige, mkuu," Ndaro akasema kwa upole. "Hujagombana nao. Upake, kama unampaka mtoto mafuta."

"Usinifundishe kwangu!"

Lakini mara ya pili alipaka. Ikashika kidogo, ikateleza, akaizuia kwa kiganja. Mara ya tatu ikashika. Mama Zena alisogeza ndoo miguuni pake. Akaendelea hivyo, anahema, anatukana chini chini, suti imekuwa nyeupe, mpaka mwanga wa dirishani ukawa wa rangi ya chai. Aliposhuka, kipande chake kilikuwa na ukubwa wa msala wa kuswalia, kimejaa mabonde na vilima, na katikati kuna kinundu kama cha ng'ombe. Pembeni yake upande wa Ndaro ulikuwa umetulia kama maji ya mtungini.

Wote watatu wakatazama. Ndaro ni fundi, na ufundi ulikuwa unamuuma.

"Nikirekebishe kidogo, mkuu? Dakika mbili tu."

Bwana Tambwe akafungua mdomo. Mama Zena akamwahi.

"Kiache, fundi. Hicho ni cha mwenyewe."

Ukuta ukakauka. Habari zikaenea, si unajua mitaa yetu. Wakaja majirani kutazama, wakaja kina mama waliopiga dari la Kirembo, akaja Zena na wanawe, akaja hata yule mpishi wa msafara. Kila aliyeingia alianzia kwenye upande laini, akatikisa kichwa, akasema: "Huu mkono wa Ndaro huu, hata usiniambie." Kisha macho yakasogea, yakafika kwenye kinundu, yakasimama hapo, na kabla ya kuambiwa na mtu yeyote, kila mmoja alisema neno lilelile:

"Na hapa ni Tambwe."

Naye mwenyewe, ameketi chini ya kinundu chake na gazeti usoni, alikuwa akiacha kusoma kila mara mgeni alipobisha hodi.